Gofu ya mashimo 12 kisiwani Arran

Ukienda likizo Uskoti na fimbo zako, usikimbilie tu St Andrews, mji maarufu kwa gofu. Vuka kwa feri hadi kisiwa cha Arran, kisha nenda kijiji cha Blackwaterfoot, kwenye uwanja wa Shiskine. Una mashimo 12, si 18 ya kawaida: asubuhi unacheza, mchana uko ufukweni na familia na hakuna anayekununia. Shimo la 3, Crow's Nest, ni fupi lakini unapiga kupandisha mlima, na mpira unakotua huoni vizuri. Chukua fimbo ya kupiga mbali zaidi kidogo kuliko unayodhani. Upepo wa bahari kule hauna adabu, beba koti hata Julai. Kama una gari, kata nafasi ya feri kabla hata ya hoteli.