Kabla ya kununua matofali ya zamani kwa ukarabati wa nyumba Tanga

Nyumba ya zamani ikibomolewa Tanga, iwe Ngamiani, Chumbageni au kwenye makazi ya shamba la mkonge njia ya Muheza, matofali yake ya kuchoma hayakai chini siku nyingi. Mwenye kiwanja anataka kusafisha eneo lake, fundi anamjua mtu anayeongeza jiko uani, na mzigo unapakiwa. Mimi nayapenda matofali haya na nawahimiza watu wayatumie. Tofali lililokwisha kuchomwa halidai kuni nyingine, na anayejua matanuri yanakula miti kiasi gani hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini zipo kuta za matofali ya zamani zinazoanza kumomonyoka baada ya masika machache tu, na mara nyingi sababu ni kwamba mnunuzi aliuliza bei, hakuuliza tofali lilikaa sehemu gani ya nyumba.

Tanuri la kienyeji halichomi sawasawa. Yaliyo karibu na moto huiva vizuri, ya pembeni hubaki laini. Mafundi wa zamani walilijua hilo, wakayapanga magumu nje kwenye mvua na jua, na laini wakayaweka kuta za ndani, chini ya lipu. Humo yalikaa miaka mingi bila shida kwa sababu hayakuguswa na maji. Nyumba ikishabomolewa yote yanakuwa lundo moja, yana vumbi lile lile na rangi inayofanana. Ukichukua laini ukalipeleka kwenye ukuta wa nje, usilaumu tofali.

Kwa hiyo ukisikia nyumba itabomolewa, nenda kabla nyundo haijaanza. Zunguka na mwenye nyumba au fundi wake, angalia kuta za nje zimesimamaje, kisha omba matofali ya nje na ya ndani yatenganishwe tangu yanaposhushwa. Mpe kibarua kitu kidogo kwa usumbufu huo, utakuwa umeokoa pesa nyingi. Kuna sehemu tatu ambazo mimi nisingechukua kitu kwake. Kwanza ni kozi, yaani mistari ya matofali, za chini kabisa, kama mita moja kutoka ardhini, kwa kuwa zimenyonya chumvi ya udongo. Pili ni choo na banda la mifugo, ambako chumvi ya mkojo huingia ndani ya tofali na haitoki kwa kuoshwa. Tatu ni jiko la kuni lililojaa masizi, maana doa lake hupenya lipu na rangi, ukapaka tena na tena.

Hakikisha pia anayekuuzia ana haki ya kuuza. Omba kuona kibali cha kubomoa, mshirikishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, andikishaneni. Na kama mtu anakuletea mawe au matofali yaliyotolewa kwenye magofu ya kale, yawe ya Tongoni kusini mwa mji wa Tanga au ya kwingineko, achana naye. Magofu ya namna hiyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hata bila sheria, jiwe moja likitolewa pale halirudi tena. Mwenye nyumba ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo naye aulize ofisi ya Mambo ya Kale kabla hajagusa ukuta wake.

Ukifika kwenye lundo, beba tindo na nyundo ndogo. Chukua tofali lenye mota, ule mchanganyiko wa chokaa au saruji na mchanga unaoshikanisha matofali, weka tindo kwenye mstari unaounganisha mota na tofali, gonga taratibu. Kama nyumba ilijengwa kwa chokaa, mota inaachia kipande kizima, na chini yake unakutana na uso mwekundu safi, wakati mwingine una alama za vidole vya aliyelitoa kwenye kalibu. Matofali hayo yasafishe kwa moyo mmoja. Mota ya saruji ni habari nyingine. Inang'ang'ania, na ukiilazimisha inaondoka na ngozi ya tofali. Ngozi hiyo ndiyo sehemu iliyoiva zaidi kwa moto. Ikibanduka, tofali linaanza kunywa maji hovyo. Lundo la mota ya saruji mimi nalinunua kwa kujaza chini ya sakafu tu, na kwa bei ya kifusi.

Sasa lijaribu lenyewe. Gonganisha mawili: yaliyoiva yanatoa mlio mkali kama wa chuma, mabichi yanatoa kishindo kizito. Kwaruza kwa kucha. Likitoa unga, liweke pembeni. Liangushe kutoka urefu wa mita moja kwenye udongo mgumu, lisivunjike. Jaribio ninaloliamini kuliko yote linahitaji mizani na ndoo. Pima tofali likiwa kavu kabisa, lizamishe majini saa 24, lifute, pima tena. La kilo 2.8 likitoka na kilo 3.2 limekunywa kama asilimia 14, na hilo linafaa hata nje. Likizidi asilimia 20 lipeleke ndani au liache. Pima kadhaa kutoka pande tofauti za lundo, maana muuzaji huweka mazuri juu.

Chumvi inahitaji maneno yake, kwa sababu sisi ni watu wa pwani. Upepo wa bahari unaileta, na nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa mchanga ambao hakuna aliyeuliza ulikotoka. Chumvi ikiwa ndani ya tofali huyeyuka wakati wa mvua, kisha jua likiwaka hutoka nje na kuwa unga mweupe, na ikikauka ndani ya vitundu husukuma uso wa tofali mpaka unabanduka. Ili kujua mapema, simamisha tofali kwenye sinia lenye maji ya sentimita mbili na nusu, liache liyanywe na kukauka, rudia mara moja. Ukiona utando mwembamba tu, utasuguliwa kwa brashi kavu. Ukiona ukoko mnene unaomenyeka, lundo hilo halifai kwa ukuta wa nje. Usikubali fundi ayaoshe kwa asidi. Asidi huacha chumvi nyingine na kula mota.

Kwa hesabu, pima matofali kumi, tafuta wastani, usitumie vipimo vya dukani. Tuseme yana urefu wa milimita 220 na kimo cha 70, na mota ya milimita 10. Kila tofali litachukua milimita 230 kwa 80 za ukuta, yaani karibu matofali 54 kwa mita ya mraba kwa ukuta wa nusu tofali, wenye unene wa upana wa tofali moja, na maradufu yake kwa ukuta wa tofali zima, wenye unene wa urefu wake. Ukuta wa mita 3 kwa 2.5 utataka kama 410. Ongeza asilimia 15 ya kuvunjika, unafika 470, na hayo ni zaidi ya tani moja. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikibebeshwa yote kwa safari moja utalipia springi za watu. Kama yananunuliwa bila kusafishwa, ongeza zaidi, na ukubaliane mapema nani analipa usafishaji.

Wakati wa kusafisha, barakoa na maji ya kunyunyiza ni lazima, vumbi la tofali linaua mapafu polepole. Rangi ya zamani usiikwangue kavu, huenda ina madini ya risasi yenye sumu, na watoto wasicheze karibu. Kama nyumba ile iliezekwa kwa vigae vya asbesto, subiri viondolewe na wanaojua kazi hiyo, ndipo uende kuchukua matofali.

Msingi na kozi za chini jenga kwa mawe au matofali mapya ya saruji, tandika nailoni ya kuzuia unyevu, na la zamani lianzie hapo juu. Usilibebeshe ghorofa bila mhandisi kulipima. Linapendeza kwenye ukuta wa jiko, uzio wa uani, tao la mlango na baraza, ila baraza la mbele linalopigwa mvua na kukaliwa jioni nzima litake yale yenye mlio mkali peke yake. Kama unafungua ukuta au kuongeza chumba, kibali cha ujenzi cha halmashauri kitangulie.

Kosa ambalo mafundi wetu wengi hulifanya ni kuyajenga kwa saruji kali, wakidhani wanayaimarisha. Mota inatakiwa iwe laini kuliko tofali, ili unyevu utokee kwenye mota na nyufa zipite humo. Saruji moja, chokaa moja, mchanga sita inatosha. Chokaa Tanga si shida, nchi yenyewe imekaa juu ya mawe yake, muulize aliyeingia mapango ya Amboni. Mchanga uwe wa mto, wa ufukweni hapana. Matofali yaloweshwe kabla ya kujengwa, uso uachwe ukauke, la sivyo yatanyonya maji ya mota kabla haijashika. Lipu na rangi zifuate utaratibu huo huo: chokaa inapumua, rangi ya mafuta inafunga unyevu ndani.

Nunua wakati wa kiangazi, kabla ya masika ya Machi mpaka Mei. Tofali lililolowa huficha chumvi, na hata mlio wake hudanganya. Ukilifikisha nyumbani lipange juu ya mbao, funika kwa turubai, acha upepo upite pembeni.

Na fundi kaa naye mapema. Mwambie, "Fundi, haya hayalingani, nijengee kwanza kozi tano nione." Atakwenda taratibu kuliko kwenye matofali ya saruji, kwa hiyo mlipe kwa siku, ukimlipa kwa idadi atakimbiza. Kazi ikiisha tenga matofali kama hamsini ya lundo lile lile uyahifadhi mahali pakavu, kwa siku ambayo fundi bomba atapasua ukuta.