Jinsi ya Kusoma Viota vya Ndege Vijijini Kisumu na Kukusanya Simulizi Zake

Mwongozo huu unamfaa anayetaka kuwafahamu ndege wa shambani bila kupanda mti wala kugusa yai. Anza wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei.

Hatua ya kwanza: simama mbali na utumie darubini. Usifyeke nyasi kukielekea kiota, kwa maana kijia utakachokiacha ndicho atakachokifuata tumbili, au mtoto mwenye manati.

Hatua ya pili: anza na kwera, ndege mdogo msuka viota, ambaye hafichiki. Dume la manjano huchana majani ya mahindi au matete, akasuka kiota chenye mlango upande wa chini, kisha akaning'inia hapo akipiga mabawa ili kuita jike. Kiota kibichi ni kipya. Kikikauka bila jike kukikubali, mara nyingi hukibomoa mwenyewe.

Hatua ya tatu: mtafute fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, karibu na maji, kama vile kwenye kinamasi cha Dunga kando ya Ziwa Viktoria au kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero. Kiota chake ni rundo la vijiti lililoezekwa kwenye panda ya mti, ambalo upana wake waweza kufika mita 1.5, na mlango wake ni ujia mwembamba uliokandikwa kwa tope. Tazama vizuri na huenda ukaona matambara, mifupa na vipande vya plastiki vimechomekwa humo. Usihesabu kila rundo kuwa familia, kwani jozi moja huweza kujenga viota 3 hadi 5 kwa mwaka hata kama haitagi. Katika sehemu nyingi za Afrika husemwa kwamba anayekibomoa hupatwa na mkosi au radi. Mimi naliheshimu katazo hilo kwa sababu zangu: viota vilivyoachwa huhamiwa na bundi, na hata nyoka.

Hatua ya nne: kwa bundi, kagua chini ya mti au dari. Vidonge vikavu vya manyoya na mifupa ya panya alivyotapika vitakuonyesha kazi yake, ingawa wengi humjua kwa kilio kinachodhaniwa kutabiri kifo.

Hatua ya tano: zungumza na wazee. Ukiuliza, "Mnaamini nini?" utajibiwa kwa kicheko; uliza badala yake, "Mzee, mlipokuwa watoto mlikatazwa kumfanyia nini ndege huyu?" Andika jibu pamoja na jina la kijiji, kwenye ukurasa tofauti na ule wa mambo uliyoyaona mwenyewe.