Taa za kuzama za ngazi na korido: anza na anayeshuka

Mwaka jana nilimaliza kazi ya umeme kwenye nyumba ya ghorofa moja kule Ilazo, hapa Dodoma. Juu ya ngazi niliweka taa nne za kuzama, yaani zinazofichwa ndani ya dari, wati 12 kila moja, mwanga mweupe kabisa. Vigae vya ngazi viling'aa na mwenye nyumba alifurahi. Wiki ya pili mama yake akaja kutoka Mpwapwa. Akataka kushuka, akasimama kidato cha juu huku kashika ukuta, akaniita: "Mwanangu, taa zinawaka kweli, lakini pa kukanyaga sipaoni."

Nilipanda, nikasimama pale pale alipo. Taa mbili zilikuwa nyuma yangu, kivuli changu kikatangulia na kufunika vidato vitatu. Taa mbili za mbele zilijirudia kwenye vigae na kunipiga machoni. Ngazi nzima ilionekana kama ubao mmoja ulioinama, huoni kidato kinaishia wapi. Mimi nina macho ya kijana. Yeye kapita miaka sabini.

Tangu siku hiyo sichagui taa ya ngazi nikiwa nimesimama sebuleni. Napanda juu, natazama chini, na swali langu ni moja: ukingo wa kila kidato unaonekana?

Jibu zuri kwa ngazi ni taa ndogo za kuzama ukutani, pembeni ya vidato. Wati 1 hadi 3 zinatosha, kwa sababu taa iko karibu na mguu. Naziweka sentimita 25 hadi 30 juu ya kidato. Chagua yenye kofia au mapezi yanayosukuma mwanga chini, ili balbu yenyewe isionekane hata na mtoto anayepanda. Si lazima kila kidato kiwe na taa, ila cha kwanza na cha mwisho visikose kabisa, maana watu wengi huteleza wakidhani ngazi imekwisha. Ngazi ya Ilazo ina vidato 16, tukaweka taa sita za wati 3 kila moja: cha 1, 4, 7, 10, 13 na 16. Darini tukabakiza mbili za wati 6. Jumla ikashuka kutoka wati 48 hadi 30. Zikiwaka saa tano kila usiku, kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 4.5 za LUKU badala ya 7.2, na mama anashuka bila kushika ukuta.

Gharama iliyoniuma ni ya kukata ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Vumbi la grainda liliingia mpaka kwenye makochi. Kama nyumba yako bado haijapigwa plasta, mwite fundi sasa hivi apitishe paipu na kuweka maboksi, hata kama taa utanunua mwakani. Zipo taa za ngazi zinazoingia kwenye boksi la kawaida la swichi, na mimi huzipendelea hizo kwa sababu ikifa ni rahisi kupata nyingine. Nguzo na zege la ngazi lenyewe visiguswe.

Korido ina kazi ndogo zaidi. Kwa dari la kawaida la jipsamu, taa za wati 6 zenye nafasi ya mita mbili hivi zinatosha. Korido ya mita sita inataka tatu: ya kwanza mita moja kutoka ukuta wa mwisho, kisha mita ya tatu, kisha ya tano. Kabla ya kutoboa, tafuta blandaringi, yaani mbao zinazoshikilia dari, zinapita wapi, halafu pima uwazi uliopo kati ya jipsamu na zege la juu. Nimeshaona taa nzuri zenye kina zikirudishwa dukani kwa kuwa uwazi ulikuwa sentimita tano tu. Tundu nalo lipimwe kwa taa iliyo mkononi, kwa sababu taa za wati sawa huja na vipimo tofauti.

Rangi ya mwanga imeandikwa kwenye boksi kwa kelvini. 3000 ni wa njano tulivu, 4000 uko katikati, 6500 ni mweupe wa kuelekea bluu. Kwenye ngazi na korido za vyumba vya kulala nashauri 3000. Anayeamka saa nane usiku kwenda chooni hastahili kupigwa na mwanga wa ofisi.

Ukiwa dukani pale Uhindini, omba taa iwashwe. Ielekezee kamera ya simu: ikionyesha mistari inayotembea sana, taa inapepesa, iache. Ishike: mwili wa alumini hutoa joto vizuri kuliko plastiki, na dari zetu za chini ya bati huchemka mchana. Soma draiva, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa ukutani uifae taa, inakubali volti ngapi. Umeme wetu ni volti 230, lakini mitaa ya pembezoni hupanda na kushuka, kwa hiyo nachukua inayoandikwa 85 hadi 265, tena draiva iwe ya kuchomoa. Kwa vumbi letu la kiangazi, taa za ukutani ziwe na IP54 au zaidi; IP ni alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. Zile za IP20 hujaa vumbi jekundu ndani ya kioo.

Swichi ziwe mbili, chini na juu, zinazowasha taa zilezile. Kihisi cha mwendo ni kizuri kwenye korido. Kwenye ngazi kirefushwe muda, kisije kikamzimia mzee katikati. Taa moja ya kichwani pa ngazi iwe na betri ya akiba, kwa ajili ya umeme kukatika. Kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Nunua taa mbili za ziada siku hiyohiyo, za boksi lilelile. Kisha andika wati, kelvini na kipimo cha tundu kwenye karatasi, uibandike ndani ya mfuniko wa meni swichi.