Unataka kumwita binti Rocío? Angalia haya kabla hujaandikisha

Hapa Tabora majina ya kwenye tamthilia za Kimeksiko yamejaa, kaa kliniki asubuhi msikilize nesi anavyoita. Mi sina neno, ila kama umelipenda Rocío fanya hivi.

Kwanza jua unampa nini. Rocío ni umande kwa Kihispania, limetoka kwenye Kilatini, ros. Ila Wahispania hawalitoi kwa ajili ya majani kulowa asubuhi tu, ni jina la Bikira Maria, Virgen del Rocío, kanisa lake lipo kijiji cha El Rocío, Almonte, mkoa wa Huelva kusini kabisa mwa Hispania, na kila Pentekoste watu wanamiminika huko, wengine na farasi na mikokoteni ya ng'ombe, ndo maana wengi vyeti vyao vinasoma María del Rocío. Kwa hiyo padri akiuliza mtakatifu wake nani una jibu, na kama nyie Waislamu bora mlijue hilo mapema kabla shehe hajawaambia.

Kutamka ni Ro-SI-o, mkazo katikati, na sisi hapo hatuna kazi maana Kiswahili kinakaza hapohapo. Madrid watasema Ro-THI-o, th ya thelathini, Mexico ni s. Ukitaka kusikia tafuta YouTube Rocío Dúrcal, mwimbaji wa Madrid aliyefariki 2006, japo naye lilikuwa la kisanii, alizaliwa María de los Ángeles.

Sasa kuandika, hapa ndo pa kuwa makini. Ukiweka c walimu watasoma Rochio au Rokio mpaka amalize la saba, mi nashauri Rosio, na kale kamstari juu ya i achana nako. Ukienda kusajili liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi mpe karani alione, usimtamkie, akisikia vibaya utarudi na Rose. Afu hakikisha kadi ya kliniki, cheti cha RITA na cha ubatizo vyote viko sawa herufi kwa herufi, la sivyo akikua afike NIDA ni viapo na njoo kesho.

Kwao wanalifupisha Chío. Hapa usithubutu, watoto wa shule watalifikisha chooni wiki ya kwanza, mwiteni Rosi. Na mashemeji wakishajua maana yake jiandae, kila akigoma kwenda shule wataanza, umande gani huu unaokimbia umande.