Kufuga demasoni kwenye tangi la nyumbani, hatua kwa hatua

Demasoni ni samaki wa sentimita 7 au 8, mwenye milia ya buluu na nyeusi, asili yake miamba ya Pombo upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1994 alipewa jina la kisayansi Pseudotropheus demasoni. Siku hizi anaitwa Chindongo demasoni, ila wauzaji wengi bado wanatumia jina la zamani. Ni mmoja wa mbuna, yaani sikilidi (jamii ya samaki wa maji baridi) wa kwenye mawe, na ukali wake ni mkubwa kuliko mwili wake, hasa kwa samaki anayefanana naye. Ukali huo hauishi. Tunachoweza ni kuugawa ili usimwelemee samaki mmoja.

Hatua ya 1: Tangi

Tazama urefu kabla ya kimo. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50 (lita 270) ndilo la kuanzia. La sentimita 60 halifai hata likiwa na kina kirefu, kwa sababu anayefukuzwa hugonga ukuta kabla hajapata pa kujificha. Likishajaa maji na mawe, uzito wake hufika karibu kilo 400, kwa hiyo meza iwe imara na iwe sawa kwa pimamaji.

Hatua ya 2: Mawe kwanza, mchanga baadaye

Demasoni huchimba. Jiwe lililokalia mchanga litachimbuliwa chini yake, litaporomoka, na linaweza kupasua kioo. Tandika plastiki ngumu sakafuni, panga mawe juu yake, kisha mwaga mchanga laini wa sentimita 3 hadi 5 kuyazunguka. Sukuma kila jiwe kwa kidole: likitikisika, lipange upya.

Tumia kilo 50 hivi za mawe. Yagawe katika marundo matatu yanayopanda hadi theluthi mbili ya kina cha maji, yenye mianya mingi ya sentimita 3 hadi 5. Pango moja kubwa na zuri ni kosa: litakuwa la mbabe mmoja, na wengine wote watakaa nje. Hakikisha samaki aliye upande wa kushoto hamwoni aliye kulia. Dume akishapoteza mwenzake machoni, huacha kumfukuza.

Hatua ya 3: Maji

Joto liwe nyuzi 24 hadi 27, pH (kipimo cha asidi ya maji) 7.8 hadi 8.6. Hita mbili za wati 150 ni bora kuliko moja ya 300, maana moja ikikwama ikiwa imewaka haitapika tangi zima. Chujio lizungushe maji yote mara 6 hadi 8 kwa saa.

Maji yakiwa mepesi, yaani yenye madini machache, pH hushuka polepole. Gramu 5 za bikaboneti ya sodiamu katika lita 100 huongeza KH (kipimo cha kaboneti zinazozuia pH isishuke) kwa zaidi kidogo ya digrii 1.5. Lenga digrii 8 au zaidi, ukipandisha kwa siku kadhaa.

Hatua ya 4: Komaza chujio bila samaki

Lengo ni kukuza ndani ya chujio bakteria wanaogeuza amonia, sumu ya uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha kuimaliza na nitriti hiyo. Tia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Kila ikiisha, ongeza. Chujio limekomaa pale ambapo kiasi hicho kinaisha ndani ya saa 24 na nitriti inasoma sifuri. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Usiharakishe. Maji yenye pH ya juu hufanya amonia iwe sumu kali zaidi, na kiasi ambacho samaki wa maji yenye asidi angekivumilia huunguza matamvua ya demasoni.

Hatua ya 5: Waingie wengi, siku moja

Hapa ndipo wengi hukosea. Hununua sita wakidhani wachache watapatana, kumbe mmoja huwamaliza wenzake mmoja baada ya mwingine. Weka wadogo 15 hadi 20, wa sentimita 3 hivi, wote siku hiyohiyo. Dume mwenye maadui kumi na tano hana muda wa kumwandama mmoja hadi afe. Dume na jike hawatofautiani kwa rangi, kwa hiyo usijaribu kuchagua; kundi litajipanga lenyewe wakikua.

Wenzao wawe wa rangi nyingine kabisa, kama Labidochromis caeruleus wa njano. Epuka yeyote mwenye milia ya buluu na nyeusi.

Chunguza kila siku pembe za juu na nyuma ya bomba la chujio. Aliyejibanza pale, rangi imefifia, mapezi yamekunjwa na mkia umechanika, mtoe leo. Kesho utamkuta amekufa. Ukilazimika kuongeza samaki baadaye, vuruga mawe kwanza, zima taa, ndipo uwaingize kadhaa kwa pamoja.

Hatua ya 6: Chakula

Ziwani hula mwani unaoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu. Mpe chakula chenye spirulina (aina ya mwani) mara mbili kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika moja. Moyo wa ng'ombe na minyoo wekundu usimpe. Anayetema chakula na kutoa kinyesi cheupe kama uzi anaanza ugonjwa wa kuvimba tumbo: mtenge na umtibu kwa dawa ya metronidazoli mapema. Tumbo likishavimba, ni wachache wanaopona. Ila jike asiyekula, koo likiwa limetuna, huenda amebeba mayai mdomoni. Mwache, huyatunza kwa wiki tatu hadi nne.

Kila wiki badilisha asilimia 30 hadi 40 ya maji, kwa maji ya joto lilelile yaliyoondolewa klorini. Sifongo za chujio zioshe kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Maji ya bomba huua bakteria uliowasubiri wiki sita.