Matandazo ya kwenye ndoo na viroba, usiweke tu chochote

Ukitaja matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo usikauke, watu wanawaza migomba ya Kagera huko, kumbe anayeteseka zaidi ni mchicha wa kwenye ndoo hapo barazani Dar, udongo wenyewe kiduchu, jua la Januari linampiga juu na ubavuni, umemwagilia asubuhi ikifika saa nane mchana majani yashalala.

Mimi naanza na nyasi kavu au majani makavu ya mgomba, nayakatakata vipande vya urefu wa kidole natandaza unene wa sentimita 3 mpaka 5 basi, ukijaza sana yale maji ya kopo yanaishia hapohapo juu mizizi haipati kitu. Nyasi ziangalie zisiwe na mbegu, utajipandia magugu mwenyewe.

Pumba za mpunga pia safi, nasema yale maganda magumu ya mashineni sio zile laini za kulishia kuku, zinachelewa kuoza na maji yanapita vizuri, tatizo lake upepo, kama unakaa ghorofani jirani wa chini atakugongea mlango, kwahiyo zimwagie maji mara tu ukishatandaza.

Kwenye maranda ya seremala ndo wengi wanaharibu. Kwanza muulize fundi kama mbao zilipigwa dawa, zikiwa na dawa achana nayo. Halafu yakae juu tu usiyachanganye na udongo, maana vijidudu vinavyoozesha mbao vinachukua naitrojeni ya kwenye udongo, chakula ambacho mmea unakihitaji, majani yanakuwa ya njano we unakimbilia duka la dawa. Na yale yaliyotoka banda la kuku hayo sio matandazo jamani, hiyo mbolea mbichi, itaunguza.

Makumbi ya nazi sisi wa pwani tunayatupa tu, yachambue uyaloweke siku mbili tatu huku unabadilisha maji sababu mengine yana chumvi. Kokoto mi sizipendi, zinashika joto na ndoo haibebeki, labda kwa mshubiri.

Shina liachie nafasi ya vidole viwili pande zote, nyanya hasa inaoza shingoni. Mchicha uliomwaga mbegu juzi usiufunike kwanza, subiri miche isimame. Masika ikianza punguza au toa kabisa, konokono wanahamia humo. Na kabla hujamwagilia fukua kidogo uchomeke kidole, kama chini bado kuna unyevu acha mpaka kesho.