Somo: Kujitayarisha kwa kazi ya maketingi ukiwa bado chuoni (Lubumbashi)

Kila matokeo ya Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo) yakitoka, swali ni lile lile: "Nikisoma maketingi, nianzie wapi?" Naliandika jibu hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwonyesha ukurasa huu.

1. Chuo. Iwe ISC (chuo cha biashara), iwe UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), iwe chuo cha binafsi, omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu kabla ya kulipa minervali (ada ya chuo). Licence ya LMD (shahada ya kwanza katika mfumo wa licence, master, doctorat) ni krediti 180, 60 kwa mwaka. Tafuta humo takwimu, hesabu ya gharama na utafiti wa soko. Vikikosekana, endelea kutafuta.

2. Excel. Mwaka wa kwanza, usingoje wa tatu.

3. Bei. Sabuni uliyonunua faranga 2.000 ukiiuza 2.500, faida ni 25% ya bei uliyonunulia, lakini ni 20% tu ya bei uliyouzia. Anayechanganya hizo mbili atapunguza bei kwa 25% akidhani amerudisha mtaji, kumbe anauza 1.875 na kupoteza faranga 125 kwa kila kipande.

4. Utafiti wa soko. Hapa ndipo kazi nyingi za mwisho wa masomo zinaharibika, na mwajiri anayeijua kazi anaona upesi. Usiulize "Ungenunua bidhaa hii?" Watu wetu wana heshima, watakuitikia ndiyo. Uliza mara ya mwisho aliponunua: lini, wapi, kiasi gani, alilipa ngapi, kwa faranga au kwa dola. Andika kipimo. Kwenye unga, mmoja ananunua meka (chombo cha kupimia sokoni), mwingine mfuko wa kilo 25. Ukiandika "moja" kwa wote wawili, wastani wako hauna maana. Kiwango cha kubadilisha dola kiandikwe juu ya kila karatasi siku ile ile, kwa sababu kinabadilika. Maswali yaandikwe mapema kwa Kiswahili cha hapa. Ukiyaacha kwa Kifaransa, kila mwulizaji atayageuza kwa njia yake sokoni, na majibu hayatalingana tena. Yajaribu kwanza kwa watu kumi. Swali lililowachanganya watatu, liandike upya.

Kuhusu idadi: kwa uhakika wa 95% na kosa la 5% (matokeo yanaweza kupotoka 5% juu au chini), unahitaji watu 384, ukikubali kosa la 10%, 96 wanatosha. Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama watu wamechaguliwa bila upendeleo. Marafiki 384 wa WhatsApp hawasemi lolote juu ya wanunuzi wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Simama mahali pamoja, uliza kila mtu wa tano anayepita, asubuhi na jioni, siku za kazi na Jumamosi. Na usijaze karatasi nyumbani! Majibu ya kubuni yanajulikana: yanafanana mno, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema "sijui".

5. Staji (mafunzo kazini). Peleka barua ya chuo miezi mitatu kabla, na uombe kazi yenye namba: kuhesabu mauzo ya kila duka, kulinganisha bei za washindani. Ukikaa mapokezi tu, huondoki na kitu cha kuonyesha.

6. Folda. Kazi tatu au nne, kila moja ukurasa mmoja: tatizo, ulichopima, ulichopendekeza.

MASWALI

Mwanachama, Katuba: Yaya, nitumie maswali yako tayari, ninatetea kazi yangu wiki kesho.
— Hapana. Maswali yanatoka kwenye tatizo lako, si langu. Soma hatua ya 4.

Mwanachama, Katuba: Lakini profesa haangalii hayo.
— Mwajiri ataangalia.

Mwanachama, Ruashi: Aksanti yaya. P za maketingi ni nne au saba? Kila mwalimu anasema yake.
— Wote wawili wana haki. P ni mambo ya kupanga unapouza, kwa Kiingereza yote yanaanza na herufi P. Nne alizipanga E. Jerome McCarthy mwaka 1960: bidhaa, bei, mahali, utangazaji. Booms na Bitner waliongeza tatu mwaka 1981 kwa ajili ya huduma: watu, utaratibu, na vitu mteja anavyoviona kwa macho. Ukiuza unga, anza na nne. Ukiwa na saluni au kliniki, bila zile tatu utakosa nusu ya malalamiko ya wateja.

Mwanachama, Kampemba: Mimi si mwanafunzi, nina duka. Nililipa tangazo Facebook. Nitajuaje kama limefaa?
— Swali zuri sana, mama. Tuseme ulilipa dola 30, watu 40 wakakuandikia, 12 wakanunua. Kila mnunuzi amekugharimu dola 2,50. Kama faida yako kwa kila mmoja ni dola 2, umepoteza dola 6, isipokuwa warudi kununua tena. Kwa hiyo shika daftari: kila mteja mpya muulize amelijua duka wapi, andika tarehe, na weka alama akirudi. Baada ya miezi miwili utajua kama ulipe tena.

Mwanachama, Kamalondo: Nyongeza kwa hatua ya 4: mvua ikianza, karatasi zinaloa. Tumieni KoboCollect, programu ya kujazia maswali kwenye simu. Ni bure, unajaza bila intaneti, na inatuma ukipata mtandao.
— Kweli kabisa. Na kwenye swali la bei wekeni kikomo cha chini na cha juu, ili mwulizaji akiongeza sufuri moja kwa haraka, simu ikatae pale pale, mteja akiwa bado mbele yake.